Wasomaji Wanauliza: Mazoezi na Safari Kabla ya Saa Moja Jioni

Julai 2021

Barua na majibu haya ni ya Julai 2021, na kanuni zinazotajwa ni za wakati huo. Barua nyingi za mwezi huo zilitoka Kisumu, Vihiga na Nakuru, na karibu zote zilikuwa na wasiwasi mmoja: mtu atokeje nje bila kukamatwa na bila kurudi na ugonjwa wa Korona nyumbani? Kabla ya majibu, tukumbushane. Tangu 18 Juni 2021, kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na sehemu ya Bonde la Ufa, Kisumu, Vihiga na Kericho zikiwamo, zilikuwa chini ya kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, mpaka 31 Julai. Nakuru haikuwamo katika ukanda huo. Kule kafyu ilikuwa saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri.

Natoka kazini mjini saa kumi na moja, na kufika nyumbani Mamboleo ni saa kumi na mbili kasorobo. Nilizoea kukimbia saa moja usiku, jua likishapoa. Sasa nikianza tu kuchemka, muda umekwisha. Nifanyeje? – Mkimbiaji, Kisumu

Una dakika 40 za kukimbia jioni, na zinatosha kabisa ukizipanga vizuri. Kosa tunaloliona ni watu kukimbia kwenda mbali kisha kugeuka. Kwa dakika 40, mtu wa mwendo wa wastani hufika kilomita 5 na nusu hivi. Ukienda na kurudi kwa njia moja, pale unapogeukia ni karibu kilomita 3 kutoka mlangoni pako. Ukiteguka kifundo cha mguu hapo, utachechemea kwa mwendo wa kilomita 2 kwa saa. Hiyo ni saa moja u nusu ya kurudi, na kafyu itakukuta njiani. Askari wa doria hana namna ya kujua kwamba ulitoka mapema na nia yako ilikuwa njema.

Tafuta mzunguko mfupi unaorudi kwako, wa kilomita 1.4 hivi, uuzunguke mara nne. Popote utakapoumia hutakuwa zaidi ya mita 700 kutoka nyumbani, mwendo wa dakika 20 hata kwa mguu mbovu. Kama huna simu yenye programu ya kupima umbali, tembea mzunguko huo siku ya mapumziko kwa mwendo wako wa kawaida. Mtu mzima hutembea karibu mita 80 kwa dakika, kwa hiyo ukichukua dakika 17 au 18, umeupata. Faida nyingine ni kwamba ukishaizunguka njia mara ya kwanza unajua mbwa wako wapi, matope yako wapi, na ni kibanda gani kina watu waliosongamana. Raundi ya pili unavuka upande wa pili wa barabara mapema.

Anza saa kumi na mbili kasoro dakika 5, maliza saa kumi na mbili na dakika 35. Usilitumie jua kama saa yako. Mwezi wa Julai jua la Kisumu linatua kama saa kumi na mbili na dakika 50, dakika 10 tu kabla ya kafyu, na mwanga wake hubaki angani ukimfanya mtu aone bado mapema. Walioko Dunga wanalijua hili vizuri: jua likigusa maji ya ziwa, huna hata robo saa. Weka kengele ya simu ilie saa kumi na mbili na nusu, na ikilia uwe unaelekea nyumbani.

Ukiweza kuhamia asubuhi, hamia. Kafyu ilikuwa ikiisha saa kumi alfajiri, lakini hatushauri kutoka saa hiyo. Giza bado ni totoro, mitaro ya pembeni haionekani, na pikipiki zenye taa mbovu zimeshaanza kazi. Mwanga wa kuona njia huja kama saa kumi na mbili na dakika 20. Toka hapo, rudi saa moja. Hewa bado ni baridi na barabara haijajaa.

Jambo moja zaidi. Mikutano ya aina yoyote ilikuwa imesitishwa katika ukanda huu, na kundi la wakimbiaji 10 lilikuwa mkutano hata kama hamzungumzi. Kimbia peke yako au na mtu unayeishi naye.

Nikivaa barakoa nikikimbia nakosa pumzi. Nikiivua naogopa faini. Ukweli ni upi? – Mama wa wawili, Free Area, Nakuru

Hofu zako zote mbili zina msingi. Kanuni za wakati huo zilitaka barakoa inayofunika mdomo na pua mahali pa umma, na umbali usiopungua mita moja baina ya watu. Adhabu iliweza kufika faini ya shilingi 20,000, kifungo cha miezi 6, au vyote viwili. Upande wa pili, Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivae barakoa wakati wa mazoezi makali. Jasho huilowesha, kitambaa hushikamana na pua, hewa haipiti vizuri, na unyevu huo hukuza vijidudu.

Njia ya kuyapatanisha ni kuchagua mwendo kulingana na mahali ulipo. Barabarani na mtaani, tembea kwa haraka ukiwa na barakoa. Hayo yenyewe ni mazoezi, na yanakupasha mwili joto. Kipimo ni maneno: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, barakoa haitakusumbua. Mwendo mkali uuweke pale ambapo hakuna watu kabisa, na barakoa iwe mkononi, si mfukoni ndani kabisa. Ukimwona mtu mbele yako, ivae ungali mbali naye.

Usiishushe kidevuni. Kidevu na shingo vina jasho na vumbi, na ukiipandisha tena unavipeleka mdomoni. Ishike kwa kamba zake. Beba mbili: moja ya kwenda, na nyingine kavu, ndani ya bahasha ya khaki, ya kurudia. Mfuko wa nailoni haufai kwa sababu unafungia unyevu. Ukifika, ile iliyolowa ifue kwa sabuni na uianike juani.

Mjomba amefariki Vihiga. Niko Nakuru. Je, naruhusiwa kwenda, na nikienda nisafiri vipi? – Mpwa, Kiamunyi

Pole sana kwa msiba. Serikali ilihimiza kwa nguvu watu wasiingie wala kutoka katika ukanda huo isipokuwa kwa huduma muhimu na za dharura. Mazishi yalitakiwa kufanyika ndani ya saa 72 tangu kifo kuthibitishwa, na waombolezaji wasizidi 50. Kwa hiyo simu ya kwanza mpigie yule anayeandika majina nyumbani, umuulize kama umo katika hao 50. Ukifika ukiwa wa 51, utaitia familia matatani mbele ya chifu siku ambayo haihitaji matata. Kama humo, tuma mchango, na uwatembelee kafyu ikilegezwa. Hakuna atakayekuhesabia ubaya mwaka huu.

Kama umo, hesabu saa kuanzia mwisho kurudi nyuma. Wengi walidhani kafyu ya saa moja ilianza Kisumu. Sivyo. Kericho ilikuwamo katika ukanda, kwa hiyo ukishapita Mau Summit na kuelekea Londiani, saa yako ilikuwa imeshabadilika.

Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 180, saa 4 kwa matatu. Matatu ya viti 14 iliruhusiwa abiria 8 tu, na nauli ilipanda kwa sababu hiyo, basi uwe na ziada. Tuseme umefika stejini saa nne asubuhi. Gari kujaa ni dakika 45. Kisumu unafika saa tisa kasorobo. Kubadilisha gari, nusu saa. Kupanda Kiboswa na Majengo hadi Mbale, saa moja. Boda boda hadi bomani, nusu saa. Umefika saa kumi na moja kasorobo, na una zaidi ya saa mbili za akiba kwa pancha au kizuizi cha polisi. Hiyo saa nne ndiyo mwisho wako. Saa kumi na mbili alfajiri ni bora zaidi. Kurudi, hakikisha umetoka Kisumu kabla ya saa tisa mchana ili uwe umevuka mpaka wa Kericho na Nakuru kabla ya saa moja jioni.

Beba kitambulisho, na picha ya kibali cha mazishi kwenye simu. Kibali hakikupi ruhusa ya kutembea usiku. Kinamsaidia tu askari wa mchana kuelewa safari yako.

Ndani ya gari ndimo tunamohofia zaidi, kuliko hata makaburini. Saa 4 za hewa ile ile na watu 8 ni kitu kikubwa. Na kuna mahali mambo huharibika kila mara: gari likipita Molo kuelekea Londiani na Kericho, baridi hupiga, mvua hunyesha, na abiria mmoja mmoja hufunga dirisha hadi yote yamefungwa. Vaa sweta nzito na kofia ili dirisha lako liweze kukaa wazi upana wa kiganja kimoja hata kwenye mvua. Ongea na makanga kabla ya gari kuondoka, maana mkishaanza safari kila mtu ana neno lake. Kula kabla ya kupanda, kwa sababu mahindi ya kuchoma ya njiani huvua watu barakoa kwa pamoja.

Ukifika, wazee wasalimie kwa mbali, chini ya mwembe. Usilale chumba kimoja na nyanya. Tunajua jambo hili ni gumu kwa mtu aliyelelewa kushika mkono wa kila mzee bomani. Waeleze mapema kwa simu, watakuelewa kuliko ukiwarudisha mikono wakiwa wamekwisha kuinyoosha.

Tulikuwa tukipanda Menengai kila Jumamosi, watu 12. Tunaweza kurudia? – Mpanda mlima, Section 58

Pandeni wawili wawili, kila jozi ikitangulia nyingine kwa dakika 10. Njiani kuna upepo na nafasi. Hatari iko kwenye gari la kukodi la kwenda na kwenye chakula cha pamoja kileleni. Kila jozi ijipeleke na kula vyakula vyake.

Ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkeno, uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 400 juu ya mji. Beba lita 1.5 za maji kwa kila mtu. Wakati wa kushuka ndipo watu huumia, kwa sababu changarawe ya volkeno huteleza kama punje za mahindi sakafuni: fupisha hatua, kunja magoti kidogo, usiegemee nyuma. Msishuke ndani ya kreta bila mwenyeji anayejua njia, maana miamba na vichaka huko chini hupoteza watu.

Naendesha baiskeli kutoka Ahero hadi Kisumu kazini. Juzi nilipata pancha saa kumi na moja na nusu jioni, nikalala kwa rafiki. Nibebe nini? – Fundi cherehani

Umbali wako ni kilomita 23 au zaidi, na kwa kilomita 15 kwa saa unahitaji saa moja na dakika 40. Toka mjini saa kumi na robo, ili upate nusu saa ya pancha moja na bado ufike mapema.

Beba pampu, pachi, gundi, kipande cha msasa, vyuma viwili vya kung'olea tairi na chupa ya maji. Kwa baiskeli aina ya Black Mamba usihangaike kufungua gurudumu la nyuma. Ipindue baiskeli, ng'oa upande mmoja wa tairi, vuta tyubu pale penye tundu tu. Pampu kidogo, mwagia maji, tazama mapovu. Kausha, kwaruza kwa msasa eneo pana kuliko pachi, paka gundi nyembamba, kisha ngoja dakika 5. Hapa ndipo haraka huwaponza watu: gundi ikiwa mbichi, pachi itateleza ukijaza upepo. Iguse kwa ukucha. Isipong'ang'ania, bandika na ukandamize.

Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Mwiba utakinasa. Ukiusahau, utatoboa tena kabla hujafika Rabuor.

Niliugua Korona mwezi Mei nikapona nyumbani. Nikikimbia sasa moyo unadunda sana. – Kijana, Njoro

Acha kukimbia kwanza, uende hospitali upimwe moyo. Usijaribu kuuzoesha kwa nguvu. Kwa asiye na dalili kama yako, ushauri wa madaktari ni kungoja siku 7 kamili bila dalili yoyote, kisha wiki 2 za kutembea taratibu na kujinyoosha kabla ya kuongeza mwendo. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukatika kwa kazi ndogo, lolote kati ya hayo likitokea, kaa chini hapo ulipo na umwite mtu.