M5 nitainunua, Range nitaisifia kwa mbali

Swali lenu la wiki hii, mhariri, lilikuwa: ni gari gani la kifahari au la mbio, lenye sifa mbaya ya kuharibika, ambalo msomaji angelinunua hivyo hivyo, na lipi asingelipokea hata la bure? La kununua, kwangu ni BMW M5 ya 2005 hadi 2010, ile wapenzi wanayoiita E60. La kukataa ni Range Rover Sport ya dizeli ya miaka hiyo hiyo. Najua nitasemwa, hasa hapa Dar ambako Range ndiyo gari la harusi na la msanii aliyepata dili jana.

Tatizo la mijadala yetu ni kwamba tunayatia magari yote haya kapu moja, "pasua kichwa", basi imeisha. Kumbe kuna gari lenye ugonjwa unaojulikana, unaoweza kuuwahi, na kuna gari ambalo hujui kesho litakuamkia na nini.

M5 ni la aina ya kwanza. Injini yake ni V10, yaani silinda kumi zilizopangwa kwa umbo la V, ya lita 5, nguvu za farasi 507, inapanda hadi mizunguko 8,250 kwa dakika, yote hayo ndani ya gari la milango minne unaloweza kupelekea watoto shule. Magonjwa yake wenye nayo duniani kote wanayataja kwa kichwa: beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, zinalika mapema, vimota vya throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, vinakufa, pampu ya haidroliki ya giaboksi inachoka. La kuua injini ni la beringi, na hilo linapimika. Namfahamu fundi mmoja wa Ilala ambaye akimwaga oili ya gari la namna hii hatupi filta. Anaikata ile karatasi kwa wembe, anaikunjua juu ya mfuniko mweupe wa ndoo, anaitoa juani na kuigeuza taratibu. Akiona chembe zinazometa, yaani chuma cha beringi zinazolika, anamwambia mwenye gari aache funguo hapo hapo, asiwashe hata kuisogeza kivulini.

Ukiwahi, injini haitoki. Unashusha fremu ya mbele, unafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unaweka beringi mpya kwa chini, vipande 20 kwa silinda 10. Baada ya hapo unatumia oili nzito ya 10W-60 kama kiwanda kilivyoagiza, na unaiacha injini ipate moto kabla ya kuikanyaga. Ni ghali, sikatai, lakini ni gharama unayoweza kuipangia kama ada ya shule. Porsche 911 ya toleo la 996 nayo ni hivyo hivyo: ile beringi ya shafti ya kati iliyoua injini nyingi unaibadilisha siku giaboksi imeshushwa kwa ajili ya klachi. Hiyo pia ningeichukua, kama isingekuwa na viti viwili vya nyuma vya kuwekea mkoba tu.

Sasa Range Sport. Ile dizeli ya V6, ya lita 2.7 na hata ya lita 3.0 iliyofuata 2009, inajulikana kwa kukata krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Na mara nyingi haikutangulizii dalili. Inatembea vizuri, halafu kimya, halafu winchi. Filta ya yule fundi wangu inaweza isikwambie kitu.

Ongeza shokapu za upepo. Jirani yangu alinunua moja kwenye yadi, na kila asubuhi anaikuta imelala upande mmoja. Akabadilisha kompresa, ile pampu ya upepo. Ikafa. Akatafuta nyingine ya mtumba, nayo ikafa, kwa sababu kilichokuwa kinavuja ni mpira wa shokapu. Kompresa ilikuwa inajaza upepo usiojaa mpaka inaungua. Na turbo ikigoma, huko Uingereza gereji nyingi hufungua bodi nzima na kuinyanyua juu ya shasi ili wafike. Mwambie hilo fundi wa chini ya mwembe uone atakavyokuangalia.

Wanaosema Wazungu wanayatengeneza makusudi yafe, mimi siwaungi mkono. Magari haya yalibuniwa kwa mnunuzi wa kwanza, mwenye waranti na kituo cha kampuni karibu na kwake. Kenya haipokei mtumba uliozidi miaka 8. Tanzania unaruhusiwa, ila unalipia kodi ya uchakavu. Kote kuwili waranti ilishakufa zamani. Gari limeshuka bei mpaka linalingana na Harrier, lakini spea yake haikushuka hata shilingi. Hata betri tu: BMW nyingi za miaka hiyo ukiweka mpya inabidi uisajili kwenye kompyuta ya gari, la sivyo gari linaichaji kama ile kuukuu.

Au chukua ile V8 ya BMW ya lita 4.4 iliyotoka 2008, iliyowekewa turbo mbili katikati ya V. Wazo zuri, turbo inaitika upesi. Ila joto lote linakaa pale juu, linapika vipira vya vali vinavyozuia oili, na injini inaanza kunywa oili. Mwishoni mwa 2014 BMW ilitangaza Marekani mpango maalumu wa kuyakagua magari hayo na kubadilisha baadhi ya vifaa. Likija kwetu kama mtumba, mpango huo hauji nalo, na foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana haikuwemo kwenye michoro ya mhandisi yeyote.

Kwa hiyo anayenifuata kwenye M5, hesabu ya beringi iingie kwenye bei ya gari kabla hujatoa hata shilingi. Muuzaji akikwambia zimeshabadilishwa, aonyeshe risiti. Hana, zihesabu kuwa hazijabadilishwa na ushushe bei.

Na wale wa Lexus, najua wiki ijayo mtaandika. LS ya 1989 iliwaaibisha Wajerumani na mpaka leo zipo zinazotembea, hilo siwabishii. Lakini mhariri aliuliza gari lenye sifa mbaya. Lenu halina, kwa hiyo halimo.