Toa hizo picha za miili kwanza

Ndugu, kabla ya swali lako la video iwe ya dakika ngapi na iwekwe Facebook au TikTok, toa hizo picha. Umeandika kwamba chama chenu hapa Lamu kitaanza kueleza sera ya usalama kwa picha za shambulio "ili watu washtuke".

Nilikuwa kwenye timu ya mitandao ya chama kingine. Mshauri aliyeletwa kutoka Nairobi alituambia hayo hayo: damu ndiyo inayosambaa. Tukabandika picha ya gari lililoshambuliwa barabarani, chini yake ahadi ya kuongeza polisi wa akiba, uso wa mgombea na rangi za chama. Pembeni ya picha ulionekana mkono wenye saa. Mama mmoja akaijua ile saa. Hakuna aliyekuwa amempigia simu. Msiba wa mwanawe aliupata kwenye grupu la WhatsApp la kijiji, chini ya nembo yetu! Kufuta tulifuta, lakini ilikuwa ishasambaa. Na yule mshauri akawa anatutumia idadi ya waliotazama, akitupongeza. Nikimkumbuka damu inanichemka mpaka leo. Yeye alilipwa akaenda zake. Waliokwenda matangani kuangaliana macho na yule mama ni sisi.

Usinijibu kwamba sheria haikatazi. Najua Mahakama Kuu ilifuta Februari 2015 vifungu vya sheria ya usalama ya 2014 vilivyobana picha na habari za ugaidi. Lakini Januari 2019, gazeti la Marekani New York Times lilipoweka picha ya waliouawa kwenye shambulio la hoteli ya DusitD2 Nairobi, Wakenya waliwaka, na hiyo haikuwa kesi ya mahakamani. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu walisambaza majina na picha za wanafunzi wakiwa hai, chini ya #147notjustanumber (147 si namba tu). Zile ziliheshimu wafu na bado zilisomwa.

Chama kisiguse shambulio kwenye tangazo lake mpaka familia zijue na mazishi yapite. Hata hapo, bila mwili wa mtu. Sera andikeni nani atafanya nini: polisi wako chini ya Inspekta Jenerali, kwa hiyo mgombea wa MCA, yaani mwakilishi wa wadi, asiahidi kituo asichoweza kukifungua.

Kama picha umeshamtumia mtengeneza mabango, mpigie usiku huu huu.