Monstera yenye majani ya njano na yasiyo na matundu
Ndugu yangu, kama unaimwagilia monstera (ule mmea wa mapambo wa ndani wenye majani makubwa yenye matundu) kila siku na majani ya chini yanageuka njano, basi maji ndiyo yanayoiumiza. Tafadhali usikimbilie mbolea. Itoe kwenye chungu uitazame mizizi: iliyo mizima ni migumu na myeupe, iliyooza ni ya kahawia, inateleza na kunuka, na ukiivuta ganda linachomoka unabaki na uzi mkononi. Hiyo ikate yote kwa mkasi safi, kisha panda upya kwenye udongo mwepesi usiotuamisha maji. Kuanzia hapo mwagilia pale tu unapozamisha kidole sentimita 5 hivi na kukuta pakavu.

Majani mapya kukosa matundu ni suala la mwanga na umri. Asili ya monstera ni misitu ya kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama, ambako hupanda juu ya miti. Isogeze karibu na dirisha, jua kali lisiipige moja kwa moja, na uichomekee nguzo ya kushikilia. Majani yaliyokwisha kukunjuka hayatatoboka tena, usiyasubiri.

Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au paka, iweke mbali nao; utomvu wake huwasha vibaya mdomoni.