Filamu ile ile mara tatu, kwani hawana nyingine?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko soko la mahindi Kibaigwa, jioni natazama runinga mgahawani. Kuna filamu ya mapigano imeoneshwa mara tatu mwezi huu, ya mwisho saa nane usiku! Kisha ikapotea moja kwa moja. Si wameshainunua? Kwa nini wasiirudishe tukiiomba?
Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapo kwenye kununua ndipo ulipopotea. Kituo hukodi filamu, kama wewe unavyokodi ghala. Mkataba hutaja nchi, tarehe ya mwisho, na idadi ya kurusha. Haki za chaneli ya kulipia na za chaneli ya bure huuzwa mbalimbali, ndiyo maana jirani mwenye kifurushi huwa ameshaiona zamani.

Kabla sijarudi Dodoma kufuga kuku hapa Ipagala, nilikuwa mpanga vipindi. Ukutani tulibandika karatasi: jina la filamu, tarehe ya kuisha, na visanduku vya kutia vema kila ikirushwa. Mwisho wa Juni mmoja nikakuta filamu ina visanduku viwili vitupu na siku nne zimebaki. Hela ilishalipwa! Nikaitupia Jumanne saa nane usiku, na Alhamisi saa tisa. Aliyeiona ni mlinzi wetu tu, na alisema ilimsaidia asisinzie. Nahisi hiyo yako nayo ilikuwa inamaliziwa visanduku.

Tena hatukuuziwa moja moja. Ukiitaka ile inayosifiwa, unabebeshwa na nyingine sita za kujazia, kama gunia lenye mahindi mazuri juu na pumba chini (wewe mchezo huo unaujua). Marekani, Mahakama ya Juu iliwakataza wasambazaji kuvilazimisha vituo vya televisheni kununua kwa mafungu, mwaka 1962. Mimi mafungu niliyapokea, nikayapanga.

Urefu nao una neno. Filamu ya dakika 97, ukiongeza matangazo, inajaa saa mbili barabara baada ya taarifa ya habari. Ya dakika 140 itasubiri Jumamosi.

Kuomba, omba. Kama kisanduku kimebaki, mpangaji ataiweka. Vikiisha, unatakiwa mkataba mpya, na huenda haki zimeshachukuliwa na kituo kingine. Ila andika jina la filamu na siku uliyoiona. Barua za “ile ya jamaa mwenye bastola mbili” tulikuwa nazo boksi zima.