Swali la lugha: Kimbunga kilichozaa vimbunga

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninatafsiri taarifa ya wakaguzi wa hali ya hewa waliopita mashambani huko Florida, Marekani, baada ya Kimbunga Milton. Kamusi yangu inanipa "kimbunga" kwa upepo mkubwa unaotoka baharini, na "kimbunga" hichohicho kwa ule mwembamba unaoning'inia kutoka winguni. Nimeandika: "Kimbunga kilisababisha vimbunga na miti mingi ikaanguka." Mhariri ameirudisha. Niandikeje?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako ana haki. Taarifa ya ukaguzi huandikwa ili ijulikane upepo upi ulifanya nini, na wapi. Pepo mbili zikibeba jina moja, hilo halitajulikana.

Tazama Milton yenyewe. Kimbunga kiliingia nchi kavu usiku wa tarehe 9 Oktoba 2024, upande wa magharibi wa Florida, unaotazama Ghuba ya Meksiko. Lakini katika Kaunti ya St. Lucie, upande wa pili kabisa, pwani ya Atlantiki, watu sita walikuwa wamekwisha kuuawa saa kadhaa kabla ya hapo. Waliuawa na upepo uliozaliwa katika mikanda ya mawingu ya mvua inayotangulia mbali mbele ya kimbunga. Ukiandika tu kwamba waliuawa na kimbunga, msomaji atauliza: kimbunga gani, nacho hakijafika?

Ushauri wangu ni kwamba "kimbunga" ukiache kwa ule mkubwa, kama redio zilivyokwisha kutuzoesha, na huu wa pili uuite "tonado", katika ngeli ya I-ZI: tonado imepita, tonado zimepita. Najua wapo watakaokukumbusha kisulisuli na chamchela. Ni maneno mazuri, nami nayapenda. Wasomaji wa Biblia wanalijua kisulisuli kwa habari za Eliya. Shida ni kwamba wengi wakisikia chamchela huona vumbi na majani makavu yakizunguka juani, upepo unaoanzia chini na kwisha mara. Tonado hushuka kutoka kwenye wingu la radi. Mara ya kwanza eleza: "tonado, yaani upepo mkali wa kisulisuli unaoshuka kutoka winguni hadi ardhini", kisha endelea na neno hilo moja. Vitenzi navyo vikusaidie kutenganisha: kimbunga huingia nchi kavu, tonado hugusa ardhi.

Kinachoniuma zaidi ni "miti mingi ikaanguka". Mashambani majengo ni machache, kwa hiyo mkaguzi husoma miti, nguzo za umeme na mabanda. Kipimo cha EF (Enhanced Fujita), yaani kipimo cha nguvu ya tonado kinachotumika Marekani tangu 2007, chenye ngazi za EF0 hadi EF5, hakipimi upepo wenyewe. Hukadiria kasi yake kutokana na uharibifu ulioachwa, kwa viashiria 28, miti ikiwemo. Mti uliovunjika vijitawi si sawa na uliovunjika matawi makubwa. Mti uliong'oka na mizizi yake ni habari nyingine, uliokatika shina ni nyingine, na ule uliobaki kisiki kilichoambuliwa gome unasimulia upepo wa kutisha. Kiswahili kina kitenzi kwa kila hatua: kuvunjika, kung'oka, kukatika, kuambuliwa. "Kuanguka" kunazifuta zote, na pamoja nazo ushahidi ambao wakaguzi walitembea kuutafuta.

Sema pia miti imelalia wapi. Ikilalia upande mmoja katika eneo pana, huenda ni upepo wa kimbunga. Ikiwa imelaliana ndani ya ukanda mwembamba, vilele vikielekea katikati, mkaguzi anaanza kusema tonado. Taarifa ikitaja jambo hilo, usilifupishe kuwa "miti ilitapakaa".

Paa lililochukuliwa na upepo limeezuliwa. Tunaezeka, na upepo unaezua. Sioni sababu ya kuandika "upepo uliondoa paa". Ukuta hubomoka, nguzo huvunjika. Na usichanganye uharibifu, hasara na madhara: uharibifu huonekana kwa macho, hasara huhesabiwa kwa fedha, madhara huwapata watu na viumbe. Wakaguzi hukagua uharibifu, hupima urefu na upana wa njia ya tonado, kisha hutathmini nguvu yake.

Neno moja la hadhari. Tonado ikipita kwenye uwanda mtupu isiguse kitu kinachoweza kupimwa, wataalamu huiandika EFU. Usitafsiri kuwa "tonado dhaifu". Inawezekana ilikuwa na nguvu nyingi, ila haikuacha cha kukadiria. Andika "tonado isiyojulikana nguvu".

Kama taarifa yenyewe inasema hivyo, sentensi yako ningeiandika: "Kabla kimbunga hakijaingia nchi kavu, tonado ziligusa ardhi mashambani, zikang'oa baadhi ya miti, zikakata mashina ya mingine na kuezua mabanda."