MQ-7 na Arduino: kwa nini namba hazipandi hata jiko la mkaa likiwa karibu?

Swali: Shikamoo fundi. Nasoma chuo cha ufundi, kwetu ni Makete. Juni na Julai baridi ikikaza, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, ndiyo maana nataka kutengeneza kengele ya kaboni monoksidi. Nimenunua moduli ya MQ-7 (kibao chenye sensa ya gesi hiyo) nikaiunga kwenye Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuprogramu: VCC kwenye 5V, GND kwenye GND, AO kwenye A0. Namba zinayumba tu, na nikisogeza jiko karibu hazipandi kama nilivyotarajia. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Marahaba. Yawezekana sensa yako ni nzima kabisa. Tatizo ni moduli yenyewe: inaipa hita ya ndani volti 5 muda wote, wakati MQ-7 haikuundwa ifanye kazi hivyo. Inataka volti 5 kwa sekunde 60, kisha volti 1.4 kwa sekunde 90. Joto kali huchoma gesi nyingine zilizonata kwenye sensa, na kaboni monoksidi hupimwa joto likiwa limeshuka, mwishoni mwa zile sekunde 90. Wewe umekuwa ukisoma wakati wa kusafisha.

Kwa hiyo ing'oe sensa kwenye moduli. Ina miguu sita, mitatu kila upande, na wa katikati kila upande ni wa hita. Pima kati ya hiyo miwili kwa multimita ikiwa baridi: ukipata kama omu 33, hita ni nzima. Kwa volti 5 hita hiyo inakula karibu miliampea 150, na pini ya Uno mwisho wake ni 40, basi usithubutu kuiunga kwenye pini moja kwa moja. Mguu mmoja wa hita uende 5V, mwingine kwenye drein ya mosfeti (swichi ya kielektroniki yenye miguu mitatu: drein, sosi na geti) kama IRLZ44N, sosi iende GND, geti iende pini 9 kupitia rezista ya omu 220. Miguu miwili ya pembeni ya upande mmoja, iitwayo A, uiunge pamoja, uipe volti 5 zisizokatika. Ya upande wa pili, iitwayo B, nayo iunge pamoja, ipitie rezista ya kilo-omu 10 hadi GND, na A0 isome hapo B inapokutana na rezista.

Sasa zile volti 1.4, ambapo wengi hukosea. Wanagawa 1.4 kwa 5, wanazidisha kwa 255 (namba ya juu kabisa ya amri ya analogWrite), wanaandika analogWrite(9, 71). Lakini pini haitoi volti 1.4, inawasha na kuzima volti 5 haraka haraka, na joto hufuata kipeo cha pili cha volti. Kwa 71 hita inapata kama miliwati 212, wakati volti 1.4 halisi ni miliwati 59. Hesabu sahihi ni 0.28 mara 0.28 mara 255, yaani 20. Andika 20.

Iache iwake saa 48 kabla ya kuamini chochote. Kisha, kwa siku nzima, rekodi namba ya mwisho ya kila mzunguko kwenye hewa safi. Huo ndio msingi wako. Usiandike ppm (sehemu za gesi katika milioni za hewa) kwenye skrini: bila gesi ya kupimia yenye kiwango kinachojulikana, ppm hizo ni za kubuni, na mtu atazitegemea. Onyesha tu namba ya sasa ni mara ngapi ya ile ya msingi.

Unapojaribu, weka jiko barazani, sensa iwe karibu nalo, wewe kaa upande upepo unakotoka. Kiberiti cha gesi si kipimo, gesi yake ni nyingine.

Na nyumbani waambie wazi kwamba hiki ni kifaa cha kujifunzia. Kaboni monoksidi haina harufu, na mzunguko mmoja wa sensa hii ni dakika mbili na nusu. Jiko litoke nje kabla ya watu kulala, hata kama kifaa chako kiko kimya.