Jenereta ya kilowati 500 kwenye mtambo wetu wa joto: inatufaa?

SWALI: Nasimamia mtambo mdogo unaochoma vipande vya mbao na kusambaza maji ya moto kwenye majengo kwa mabomba ya chini ya ardhi. Boila ni ya megawati 3, na maji hutoka yakiwa na nyuzi joto 95. Baridi ikifika kileleni tunahitaji megawati 2.8. Kwa takribani miezi saba hatushuki chini ya megawati 1, ila miezi ya joto tunabaki na kilowati 400 tu. Muuzaji anatushauri tuongeze jenereta ya kilowati 500, akisema umeme wake utakuwa wa bure kwa kuwa moto tayari tunao. Ni kweli? Na tuchague teknolojia gani?

JIBU: Ndugu msimamizi, umefanya vema kuleta takwimu za joto, maana jibu lote limo humo.

Umeme huo si wa bure. Maji yako ya nyuzi 95 hayawezi kufua umeme wa maana. Kinachozaa umeme ni tofauti kati ya joto linaloingia kwenye mashine na lile linalotoka. Ukiingiza maji ya nyuzi 95 na kuyatoa yakiwa na 70, hata mashine isiyo na dosari yoyote haiwezi kugeuza zaidi ya asilimia 7 ya joto hilo kuwa umeme, na mashine halisi hupata kama nusu ya kiwango hicho. Kwa hiyo kinachohitajika si jenereta peke yake. Utahitaji boila nyingine yenye joto la juu zaidi, na hapo ndipo sehemu kubwa ya fedha huenda.

Kwa ukubwa wako ningeelekea kwenye mfumo uitwao ORC. Ndani yake moto hupasha mafuta maalumu hadi karibu nyuzi 300, mafuta hayo huchemsha kimiminika cha kikaboni, mvuke wake huzungusha turbaini (gurudumu linaloendesha jenereta), kisha hupoa kwa kuyapasha maji ya mtandao wako wa mabomba. Kati ya joto linaloingia kwenye mashine, asilimia 15 hadi 18 hugeuka umeme, na karibu lote linalobaki huenda kwenye maji. Mafuta hayana presha kubwa kama mvuke wa maji, na mashine huvumilia mzigo unaopanda na kushuka. Mji wa Lienz, Austria, ulifunga mtambo wa aina hii wa megawati 1 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Turbaini ya mvuke wa maji ni teknolojia ya zamani na imara, lakini ikiwa ndogo hivi hupoteza mno, tena hudai maji yaliyosafishwa kwa uangalifu na mafundi wenye ujuzi wa presha.

Utavutiwa pia na mitambo inayogeuza mbao kuwa gesi ya kuendeshea injini, kwa kuwa hugeuza asilimia 25 na zaidi ya nishati ya mbao kuwa umeme. Nawaheshimu sana walioiwezesha. Ila gesi ya mbao hubeba lami, na lami huziba mabomba na kuharibu injini. Kule Harboøre, Denmark, mtambo wa gesi ulianza kutoa joto tu miaka ya mwanzo ya 1990. Injini zilikuja kuunganishwa mwaka 2000, baada ya kazi ndefu ya kutafuta namna ya kusafisha gesi. Mitambo midogo ya leo imeboreshwa, lakini mingi hutaka mbao kavu zenye ukubwa unaolingana. Kama mbao zako huja mbichi, itabidi ujenge pia mahali pa kuzikausha.

Sasa tuje kwenye zile kilowati 500. ORC hutoa takribani kilowati 5 za joto kwa kila kilowati 1 ya umeme. Mashine ya kilowati 500 ingekulazimu uwe na pa kupeleka megawati 2.5 za joto, nawe kiwango hicho unakifikia kwenye baridi kali tu. Muda mwingine ingefanya kazi nusu nusu, au ungeanza kulitupa joto hewani, na hilo nakusihi usilifanye. Ichague kwa ile megawati 1 ya miezi saba: kilowati 200 za umeme, zikifanya kazi kwa uwezo kamili karibu saa 5,000 kwa mwaka. Boila ya sasa ibaki kwa ajili ya kilele cha baridi na miezi ya joto.

Na mbao? Ili joto lisipungue, utachoma za ziada kama kilowati 240, yaani takribani kilo 105 kwa saa zikiwa na unyevu wa asilimia 50. Uzuri wake ni huu: sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inageuka umeme, wakati kituo kinachofua umeme pekee kutokana na mbao hutupa zaidi ya nusu ya nishati yake.

Kabla ya kuagiza chochote, shughulikieni maji yanayorudi kutoka kwenye majengo. Yakirudi yamepoa zaidi, mtaweza pia kushusha joto la maji yanayotoka, na turbaini itazalisha zaidi kwa mbao zilezile. Kisha mtake muuzaji aandike kwenye mkataba kilowati zitakazobaki baada ya kutoa umeme wa pampu na feni, kwa nyuzi joto za mtandao wenu wenyewe.